Koti la Baiskeli

Miaka ya sabini, nilipotoka chuo kikuu na kupelekwa kufundisha karibu na Kimulot, nilikuwa na digrii moja, baiskeli moja na rafiki mmoja. Digrii haikuhitaji kufunikwa. Baiskeli niliishonea koti.

Kule mvua hunyesha karibu kila alasiri, na chumba nilichopewa hakikutosha kitanda na baiskeli pamoja. Nikaokota mifuko ya nailoni ya mbolea nyuma ya stoo ya shamba la chai, nikaishona kwa uzi wa katani, na usukani nikaukatia tundu. Nililionea fahari koti lile kuliko tasnifu yangu. Lilisomwa na watu wengi zaidi pia, kwa sababu maandishi ya mbolea yalibaki mgongoni.

Rafiki yangu alikuwa mchochea moto wa boila katika kiwanda cha chai, ng'ambo ya bonde, mtu wa upande wa ziwa. Kila Jumamosi alifika kwangu na baiskeli yake iliyo uchi, mnyororo mweusi kwa grisi, yeye mwenyewe akichuruzika maji.

"Mwalimu, kesho kuja kwangu. Mama watoto anapika samaki."

"Na mvua?"

"Si utalowa tu! Mimi nimelowa, nimekufa?"

"Mimi nitakauka. Baiskeli itashika kutu."

Akaliangalia koti. "Hii ni baiskeli ama ni bibi arusi? Mwaka mzima imefunikwa, hata bwana hajaiona."

Sikuenda. Jumapili nilisahihisha madaftari, mvua ikipiga ngoma juu ya nailoni, na sikumbuki sauti nyingine.

Kisha akaja kuniambia kazi yake imekwisha, anarudi kwao na familia. "Lori inatoka Jumapili saa nane. Kuja tule, tuagane. Hii moja usikose."

Nikaahidi.

Jumapili hiyo nilivua koti. Mnyororo ulikuwa umegeuka fimbo moja nyekundu kwa kutu, magurudumu hayazunguki. Ndipo nikakumbuka akina mama wachuma chai, jinsi wanavyoisugua mifuko kama ile mtoni kabla ya kuifanya aproni. Nilidhani ni usafi tu. Kumbe wanaondoa chumvi ya mbolea. Mimi msomi nilikuwa nimeikausha baiskeli yangu kwa chumvi, kama samaki.

Nikaenda kwa miguu, koti begani. Mvua ilinikuta darajani, nikavaa koti, kichwa kikatokea kwenye tundu la usukani. Shingo iliniwasha njia nzima.

Nyumba yake niliikuta wazi, tupu. Jirani yake, mama mmoja, akatoka.

"Alikungoja, mwalimu. Dereva amepiga honi mara tatu, yeye amesimama tu barabarani. Anasema, 'Ngoja kidogo, nitasikia kengele ya baiskeli yake.'"

Akanipa sahani niliyoachiwa, imefunikwa kwa sahani nyingine. Samaki alikuwa amefunikwa vizuri, na alikuwa amepoa kabisa. Nilimla nimesimama mlangoni, koti likiwa bado mwilini.