Nyongeza ya Kiti cha Dereva

Kushona nilifundishwa na shangazi yangu, Gerezani, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha mabati ambako mafundi wengine wote walikuwa wanaume. Alikuwa anashona viti vya magari, na alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mshono ukipinda, fumua. Ya pili, mteja asiondoke bila nyongeza. Mtu akileta kiti kilichochanika unamshonea kile alichokileta, halafu unatafuta kitu kingine kidogo, pindo lililoachia au kifungo kinachoning'inia, unamrekebishia bila kumwambia. Atakiona mwenyewe akifika nyumbani. Hivyo ndivyo shangazi alivyowapata wateja wake, na hivyo ndivyo nilivyojua mimi kwamba kazi hufanywa.

Nilifika London miaka ya tisini, nikapanga chumba Hounslow, nikapata kazi ya usafi uwanja wa ndege. Niliingia saa kumi alfajiri, nikatoka saa tano asubuhi. Sikuichukia kazi ile kwa sababu ya ndoo na dekio, maana kazi ni kazi. Kilichoniuma ni kwamba nilipita katikati ya watu maelfu, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa mimi ni fundi. Nilikuwa naangalia viti vya pale abiria wanaposubiri, naona mishono ilivyoshonwa ovyo, natamani kumwambia mtu. Nimwambie nani?

Siku moja nikaona karatasi kwenye dirisha la duka la magazeti: anatafutwa mtu anayejua cherehani, kwa kazi ya viti vya magari. Nilikwenda na sare yangu ya usafi vilevile. Karakana ilikuwa nyuma ya maduka, ndege zikipita juu kila baada ya dakika mbili, na mwenyewe alikuwa Mwingereza mrefu wa miaka kama sitini, mtu wa maneno machache. Ndani mlikuwa na magari manne ya Kimarekani ya miaka ya sitini na sabini, yale mapana yenye milango miwili na injini kubwa inayounguruma mpaka vioo vya jirani vinatikisika. Kazi yake ilikuwa kuyarudisha yalivyokuwa siku yalipotoka kiwandani. Mama aliyekuwa akimshonea macho yalikuwa yamechoka, amestaafu.

Alinipa kipande cha ngozi ya plastiki, nikashona. Akakigeuza huku na huku, hakusifu wala hakuponda. Akaniambia atanijaribu kwa gari moja. Kiti cha nyuma cha lile gari la kijani kimeoza, nikishone upya kwa kufuata cha zamani. Kiangazi gari litapelekwa kwa wakaguzi wa klabu ya watu wenye magari hayo. Wakiridhika na viti, nimepata kazi ya kudumu. Wasiporidhika, nisirudi. Niliomba Mungu kwa ajili ya kiti kile kuliko nilivyowahi kuomba kwa ajili ya viza.

Mwenye gari la kijani alikuwa mzee wa Kihindi anayekaa Stanmore. Siku aliyokuja nilimsikia akizungumza Kiingereza chenye lafudhi ninayoijua, nikamwamkia kwa kubahatisha, "Shikamoo, mzee."

Akageuka haraka. "Marahaba! Marahaba, dada! Miaka mingapi sijaamkiwa hivyo." Alizaliwa Moshi, akasoma Moshi, na kijana mmoja wa huko alikuwa na picha ya gari kama hili ukutani, basi likamwingia kichwani mpaka uzeeni. Akanivuta pembeni. "Sasa sikiliza. Mimi sitaki gari zuri. Gari zuri nitaenda showroom kununua. Nataka orijino. Kiwandani kama waliweka screw vibaya, na wewe weka vibaya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Sikumwelewa hata kidogo. Nilisema kama tunavyosema kwa wazee. Moyoni nilicheka, kwa sababu kila siku nilikuwa namwona fundi wa rangi pale karakana, mtu mzima kabisa, akipuliza rangi chini ya gari na kuiacha ichuruzike makusudi, huku ameshika picha ya kulinganisha michirizi. Gerezani angefukuzwa kabla ya mchana.

Kiti cha nyuma nilikimaliza kwa wiki tatu. Bosi akakitazama, akatikisa kichwa kuonyesha kimemridhisha. Kesho yake akasafiri siku mbili kwenda kutafuta vipuri, akaniachia kazi ya kufuta vumbi viti vya mbele. Hivyo havikuwa na tatizo, ngozi yake ya rangi ya maziwa ilikuwa imegeuka manjano kidogo tu.

Nikafuta. Na katika kufuta nikauona mshono wa kiti cha dereva, unaoshuka kutoka begani mpaka chini. Ulikuwa umepinda. Unaanza vizuri, ukifika katikati unayumba, unarudi, mwishoni hatua za sindano zinakuwa ndefu na za haraka. Nilijaribu kuuacha. Nikaenda kuchemsha maji, nikanywa chai, nikarudi, bado umepinda. Ulinikera kweli. Halafu nikamkumbuka mzee wa Moshi, alivyofurahia salamu tu, nikasema moyoni: mzee huyu nampa nyongeza.

Nikakitoa kiti, nikakata zile pete za waya zinazoshikilia ngozi kwenye fremu, nikakaa chini na kuufumua mshono wote kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa na kwa furaha. Nilikuwa naimba. Nilipomaliza nikaitandaza ngozi mezani na kuanza kuchora mstari mpya kwa chaki, ulionyooka. Hapo ndipo bosi aliporudi, siku moja kabla ya siku niliyomtarajia.

Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Aliokota vipande vya uzi sakafuni, akaviweka kwenye kiganja, akavitazama muda mrefu. Akaniambia taratibu kwamba ndani ya gari lile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, kimebadilishwa au kimepakwa rangi upya, isipokuwa kiti kile. Ndicho pekee ambacho hakuna mkono uliokigusa tangu kiwandani. Mzee alilinunua gari kwa sababu ya kiti kile, na wakaguzi wangekuja kukitazama hicho kwanza.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajaribu kumweleza habari ya nyongeza, nikagundua sina maneno yake kwa Kiingereza. Nikasema tu kwamba nilitaka kumsaidia. Akavua miwani, akasema, "Alikuomba?"

Nililia njia nzima mpaka nyumbani, kisha nikakasirika. Nilimkasirikia bosi, nikawakasirikia wazungu na magari yao, nikamkasirikia na yule aliyeshona mshono mbaya halafu lawama ikanifika mimi. Hasira ndiyo iliyonipa akili. Ngozi ya plastiki haiponi. Sindano ikipita, tundu linabaki milele. Na mimi nilikuwa sijatoboa hata tundu moja jipya. Kwa hiyo ule mshono wa kiwandani ulikuwa bado upo wote, mbaya kama ulivyokuwa, ila hauna uzi.

Asubuhi nilimwambia bosi anipe nafasi. Akafikiri, akafungua kabati, akatoa kigurudumu cha uzi wa zamani wa Kimarekani ambao alikuwa ameuweka miaka mingi. Ulikuwa mweupe mno. Nikauchemsha kwenye chai ya rangi, nikautoa, nikaukausha, nikauchemsha tena, mpaka ukafanana na vile vipande vya sakafuni.

Kisha nikaanza. Mota ya cherehani sikuigusa. Nilizungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikashuka polepole mpaka nikaona imelenga tundu la zamani, ikapita, nikasogeza ngozi, nikatafuta tundu linalofuata. Siku nyingine nilitoka na mshono usiozidi urefu wa kiganja. Kila siku nikitoka uwanja wa ndege nilikwenda moja kwa moja pale, na kwa wiki nzima nilikuwa namgombeza yule fundi wa kiwandani kwa sauti. "Mama wee, ungeshika vizuri! Hapa ulikuwa unaangalia nini?" Nilikuwa nimeshaamua kuwa ni mwanamke. Bosi akawa anachungulia kuona naongea na nani.

Wiki ya pili nikapunguza kumgombeza. Mikono yangu ilikuwa imeanza kumjua. Mwanzoni alikuwa mzuri huyu mtu, mzuri hasa, hatua zake zilikuwa sawa kuliko zangu. Hakuwa asiyejua kushona. Katikati, pale panapoyumba, kulikuwa na matundu mawili karibu karibu, kisha moja limepishana: nadhani aliitwa, akageuza kichwa, mguu ukiwa bado kwenye pedeli. Na zile hatua ndefu za mwisho nilizielewa kuliko zote, kwa sababu mimi mwenyewe hudeki hivyo saa nne na nusu, wakati miguu inawaka na bado kuna korido moja. Nikaona aibu. Nilimwita mzembe, kumbe nilikuwa naangalia uchovu. Wakati mwingine nilijiuliza kama aliwahi kupanda gari lenye kiti chake.

Nilipomaliza, bosi aliinamia ngozi pale mezani na tochi, akainuka, akapapasa mshono kwa kidole gumba mara mbili. Tukafunga pete, tukakirudisha kiti mahali pake.

Ukaguzi ulikuwa Jumapili ya kiangazi, kwenye uwanja wa majani nje ya London. Bosi aliniambia kwenye gari kwamba nimwachie yeye mazungumzo. Nikajua atamweleza mzee kilichotokea, kwa namna yake, na nilikuwa tayari. Nilikuwa nataka aelezwe. Nilitaka kosa langu lisemwe, na kazi yangu isemwe pia.

Mkaguzi alikuwa na kioo kidogo chenye mpini na karatasi nyingi. Aliangalia injini, akaangalia michirizi ya rangi chini, akaridhika. Kiti cha nyuma akakiandikia kwamba kimeshonwa upya, kazi nzuri. Kisha akapiga magoti mlangoni kwa dereva, akakaa hapo mpaka magoti yangu mimi yakauma. Alipoinuka alitabasamu. Akasema hiki hakijaguswa, mnaona mshono huu? Leo hakuna mtu anayeshona hivi. Akaandika.

Mzee akanishika mkono. "Umesikia, dada? Hakijaguswa! Si nilikuambia? Orijino!"

Nilimtazama bosi. Bosi alikuwa anatazama miti. Nikafungua mdomo, na nikafikiria ndoo, korido, saa kumi alfajiri. Nikasema, "Hongera, mzee." Nisijitetee: niliogopa, nikanyamaza, na niliona haya palepale.

Jumatatu nilipewa ufunguo wa karakana. Uwanja wa ndege nikaaga. Miaka iliyofuata nilishona viti vingi sana, na watu wakaanza kuja kutoka mbali wakiulizia yule mama wa viti. Niliitwa fundi. Nilipata nilichokiomba, na sitajifanya kwamba sikufurahi.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imekwishaanza mzee aliporudi na gari la kijani. Sanduku la mpwa wake lilikuwa limechana kona ya kiti cha nyuma. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha palipochanika. Kisha akasimama mbele ya mlango wa dereva kana kwamba anakilinda kile kiti.

"Hiki usikiguse, dada, hata kukifuta. Nakujua unapenda kusaidia. Hiki si cha mikono yetu mimi na wewe."

Sijui kwa nini siku ile. Labda ni namna alivyosema mikono. Nikaweka mkasi chini. "Mzee, hicho nimekishona mimi."

"Kipi?"

"Hicho hicho. Nilikifumua chote, nikakishona tena tundu kwa tundu. Nilitakiwa nikuambie siku ile, sikukuambia. Nisamehe."

Alinitazama. Nilijiandaa kwa hasira yake, kwa sababu nilistahili. Badala yake uso ukamfunguka, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango. "Ah, dada! Wewe! Umenipata!" Akamgeukia bosi, aliyekuwa amekaa na kikombe chake karibu na hita, akamwambia kwa Kiingereza, huku bado anafuta machozi, kwamba eti ninasema kiti cha dereva ni kazi yangu.

Bosi alininyanyulia macho. Alikuwa amezeeka. Nilimwangalia, nikamsubiri. Akayarudisha macho kwenye kikombe.

"Ni fundi mzuri," akasema. "Lakini si mzuri kiasi hicho."

Mzee akanipigapiga begani kwa upendo kabisa, akaniambia atalifuata gari Alhamisi. Nikamwambia karibu, mzee. Kisha nikapima kona iliyochanika, nikakata kiraka, nikaanza kukishona kwa kufuata matundu yangu ya zamani.