Siku Marlys Alipoegesha Juu ya Fungu

Marlys Wirkkala hakuwahi kukaa ufukweni akaipa bahari mgongo. Watoto wake walipokuwa wadogo walicheza mchangani huku mama yao amesimama wima, uso kwa mawimbi, akigeuza jicho tu kuwahesabu. Wenzake wa jikoni katika shule ya Sandvik, alikopika chakula cha mchana cha wanafunzi, walimtania kwamba hata siku ya harusi yake alimwomba mchungaji asogee kidogo, alikuwa anamzibia maji. Marlys alicheka nao, kisha akauliza ni nani aliyefunga gesi.

Watoto walipokua wakahama, jicho lile likahamia kwa baba yake. Mzee Reino alikuwa amepasuliwa moyo mwaka uliopita. Marlys alimleta kwake, akamkataza ngazi, akamkataza kupasua kuni, na usiku akawa anasimama mlangoni pa chumba chake kusikiliza kama anapumua. Mzee aliyavumilia yote hayo. Kitu kimoja tu hakukubali kuachishwa, nacho ni kuchimba kombe.

Kombe wa pwani ile ya jimbo la Washington, kwenye bahari ya Pasifiki, huishi na magamba yao ndani ya mchanga, warefu na wembamba kama mpini wa kisu. Serikali huruhusu wachimbwe siku chache tu za mwaka, na siku hizo mji mzima huteremka na magari hadi ufukweni, wazee kwa vijana, kila mtu na beleshi lake na neti yake kiunoni. Kila mtu kombe kumi na watano, na achimbe wake mwenyewe. Kipo kibali cha wagonjwa cha kuchimbiwa na mtu mwingine. Marlys alipokitaja, baba yake alisema wampelekee kaburini.

Asubuhi ile ya Aprili bamvua ilikuwa imeyavuta maji mbali sana. Kombe wanono walikuwa kwenye fungu la mchanga la nje, na kati ya fungu na ufukwe palikuwa na bonde refu la mchanga, lenye maji ya kulowesha nyayo tu. Magari yote yalikuwa yameegeshwa juu, kwenye mchanga mgumu, kama ilivyo desturi. Marlys aliutazama umbali ule, akaitazama miguu ya baba yake, hesabu ikamshinda. Akakanyaga mafuta. Gari likavuka bonde, likapanda fungu, likasimama hatua chache kutoka kwenye povu la mawimbi.

Watu wakainua vichwa. Duane Tikka, fundi magari aliyesoma naye darasa moja, alipita na neti yake imeshajaa.

"Marlys wee, ndiyo safari ya Japani hiyo?"

"Baba amechoka," alisema Marlys.

"Amechoka nani?" Mzee Reino aliuliza, akashuka.

Duane alicheka, lakini alipokuwa akirudi ufukweni aligeuka kulitazama lile gari, akageuka tena.

Marlys alikuwa amemvisha baba yake suruali ya mpira inayofika kifuani, sweta mbili na kofia ya sufu. Mzee alitembea kinyumenyume akigonga mchanga kwa mpini wa beleshi, na kila kitundu cha kombe kilipojitokeza alichimba upesi, akalala chini, akaingiza mkono mzima hadi begani kumwahi kombe kabla hajazama. Marlys hakuchimba hata mmoja. Alisimama kati ya baba yake na bahari, akiangalia kila wimbi linaloinuka.

Kombe walipofika kumi na wawili aliona midomo ya mzee imekuwa ya bluu. Akamwingiza garini, akawasha hita, akamwambia apumzike kidogo. Mzee alinung'unika kwamba bado watatu. Marlys alifunga mlango, akarudi kuikabili bahari.

Mbele yake hapakuwa na kitu. Mawimbi yalikuwa yakivunjika palepale. Lakini alisikia mtu akiita kutoka nyuma, mbali, na alipogeuka alimwona Duane amesimama upande wa ufukweni akipunga mikono miwili. Katikati yao bonde lilikuwa linang'aa. Maji yalikuwa yamelizunguka fungu kwa pembeni, kimyakimya, wakati yeye ameikodolea macho bahari ya mbele.

Alikimbilia usukani. Gari likanguruma, magurudumu yakazunguka mahali pamoja, sehemu ya nyuma ikashuka. Akakanyaga tena, ikashuka zaidi. Mchanga uliokuwa mgumu kama sakafu ulikuwa umelegea kama uji.

Alipiga simu ya dharura. Yule wa upande wa pili alimwambia waokoaji wako njiani kutoka mji wa pili. Marlys akamgeukia baba yake, akamwambia watulie ndani, humu ni pakavu, kuna joto, watu wanakuja. Aliyasema mara mbili. Wimbi jembamba likapita chini ya gari, wote wawili wakalisikia likikwaruza sakafu.

Mzee Reino alikuwa anafungua kamba za suruali yake ya mpira.

"Baba, unafanya nini? Utaganda."

"Hii ikijaa maji itanivuta chini kama nanga. Nawe vua buti hizo."

"Daktari alisema—"

"Daktari hayumo humu, Marlys. Na gari si mashua."

Kutoka ng'ambo sauti ya Duane ilikuja vipandevipande na upepo. Alikuwa ameingia majini hadi magotini, amejifunga kamba kiunoni, na watu wanne wameshika ncha yake. "Mtoe mzee," alikuwa akisema. "Marlys, mtoe sasa. Mimi sifiki huko."

Mlango ulifunguka kwa shida, maji yakaingia. Mzee alishuka na suruali yake ya ndani ya sufu, beleshi mkononi, mkanda wa neti kiunoni. Marlys alimkumbatia kwapani ili ambebe. Hatua mbili tu, miguu yao ikazama pamoja, wakayumba.

"Niachie," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ukinikamata hivi tunaanguka wote. Shika mkanda wangu kwa nyuma, na usisimame. Ukisimama mchanga unakushika."

Kumwachia kulikuwa kugumu kuliko kuingia majini. Lakini alimwachia, akashika mkanda. Mzee akatanguliza beleshi, akaegemea, akaburuta mguu, akaburuta mwingine. Bondeni maji yalifika mapajani, baridi ya kukata pumzi. Maji yaliposukuma, mzee aligeuka ubavu akangoja, yalipovuta, alitembea. Marlys aliisikia pumzi yake ikitoka kwa mluzi, na kila mluzi ulipochelewa alitaka kupiga yowe. Katikati ya bonde mzee aliteleza, maji yakamfika kifuani. Marlys aliukaza mkanda kwa mikono miwili, akavuta. Mzee akaja juu akikohoa, kofia imekwenda. Hatua tatu zaidi mkono wa Duane ukamshika kola, na wale wanne wakavuta kamba.

Nyuma yao gari lilianza kupiga honi lenyewe. Lilipiga mpaka maji yakaliziba.

Ndani ya gari la Duane, amefunikwa makoti ya watu asiowajua, mzee alitetemeka meno yakigongana. Marlys alimwambia wanakwenda hospitali, akajiandaa kwa ubishi.

"Haya," alisema mzee. "Twende."

Kukubali kwake kulimtisha kuliko bonde lote.

Alilazwa siku mbili. Moyo ulikuwa umechoka, walisema, lakini ulikuwa unafanya kazi. Gari lilivutwa siku iliyofuata, limejaa mchanga hadi kwenye viti, likapelekwa kwenye vyuma chakavu. Mjini watu waliuliza habari za Japani kwa wiki kadhaa.

Mwezi uliofuata ufukwe ulipofunguliwa tena kwa wachimbaji, Marlys aliazima gari la dada yake, akaliegesha juu kabisa, kwenye mchanga mgumu. Mzee Reino alichukua beleshi, akashuka peke yake, polepole, akisimama mara kwa mara kupumua. Marlys alibaki ameshika mlango wa gari. Akamwona anafika kwenye mchanga uliolowa, anagonga, anarudi nyuma, anagonga. Kisha mzee akalala chini, mkono wote ukaingia shimoni, na kwa mbali akawa hana tofauti na mtu aliyeanguka.

Hakuinuka.

Marlys alipiga hatua moja, akaizuia ya pili. Vidole vilimuuma kwa kuushika mlango. Watu walipita kati yao na ndoo zao, wakacheka na jambo fulani, wakaenda. Kule chini kichwa cheupe kilitikisika, goti likakunjuka, na mzee akasimama ameinua kombe juu, mchanga ukimdondoka. Hakugeuka kumtazama binti yake. Alimtia kombe kwenye neti, akaanza kugonga tena.

Kumi na wanne bado.