Siku Nilipoliacha Sinia la Wakwe Hewani

Naanza kwa kukiri kabisa, asije akatokea mtu wa Palma akaniumbua mbele yenu: ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke aliyekwenda angani, akakaa huko miezi na miezi bila kuvunja hata kijiko, akarudi salama salimini, halafu akaja kuvuruga posa ya mtoto wa kaka yake mbele ya wakwe waliotoka Awasse, ni mimi Atija, na mpaka leo nikikumbuka nafunika uso kwa mtandio hata nikiwa peke yangu chumbani.

Kwa wasionijua, kazi yangu ya asili ni hali ya hewa. Nilipokuwa msichana kimbunga kiling'oa paa la nyumba ya bibi yangu kikalipeleka kwa jirani (mabati tulirudishiwa, lakini baada ya kuvutana sana), na tangu siku hiyo nikawa na ugomvi na upepo, nataka kujua unatoka wapi na nani kauruhusu. Ugomvi huo ukanipeleka universidade kule Maputo, ukanirudisha Palma kupima mvua na joto la bahari na kuhesabu mikoko inayokufa, ukanipeleka nchi za watu, na huko siku moja wakatangaza kwamba wanatafuta wanasayansi wa kwenda kuitazama dunia kutoka juu, mimi nikaomba kwa utani, na utani ukakubaliwa! Basi nikawa napita juu ya pwani yetu na kamera yangu, nakiona kisiwa cha Rongui kidogo kama ukucha uliokatwa, naona mawingu yanavyojikusanya baharini, nalia, na machozi yenyewe hayadondoki, yanabaki yamenata jichoni mpaka uyafute kwa kitambaa.

Na hapo ndipo ulipoanzia mkasa. Huko juu kitu ukikiachia hakianguki. Unaandika, unaiacha kalamu hewani, unajikuna mgongo, ukigeuka iko palepale inakungoja. Kijiko hivyo, chupa ya maji hivyo, kila kitu hivyo, na mikono inazoea raha hiyo upesi kuliko unavyodhani. Niliporudi chini daktari alinionya: "Atija, wewe umetua lakini mikono yako bado iko juu. Kwa sasa usishike cha kuvunjika, na wa nyumbani kwako uwaambie." Nikamwitikia vizuri tu, nikapanda ndege, nikafika Palma, nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu mnawajua watu wa kwetu. Kabla sijafika maneno yalikuwa yameshatangulia, ati Atija siku hizi hawezi kukaa mkekani, ati anakula vidonge badala ya wali, ati ukimsalimia anakujibu kwa lugha ya roketi. Sasa nianze tena kusema nisipewe kikombe? Na nilikuwa nimerudi kwa ajili ya posa ya Mwanaidi, binti wa kaka yangu Momade, mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Nyumbani kwetu kijana akishakubaliwa, mama yake huleta sinia lenye kanga, mafuta na marashi, na wa kulipokea ni shangazi wa binti, hakuna mwingine. Shangazi hulipokea kwa mikono miwili, hulinyanyua watu wote walione, kisha anatamka, "Tumepokea," na hapo neno limefungwa. Akilitua chini kabla ya kutamka, maana yake binti hatolewi, na wageni huondoka bila kuonja chakula. Mwanaidi ana shangazi mmoja, naye ndiye huyu anayewasimulia.

Asubuhi ile nilipata onyo la bure. Nilikuwa nakunywa chai na Momade, namweleza jinsi jua linavyochomoza mara nyingi kwa siku moja kule juu, nikataka kumwonyesha kwa mikono, kikombe nikakiacha hewani. Paa! Chai yote juu ya suruali yake mpya. Momade akacheka, akadhani kimeniponyoka. Mkewe, wifi yangu Zura, hakucheka, alinitazama tu.

"Dada, umechoka na safari. Sinia la leo nikushikie?"

"Zura! Nimeshika mitambo ambayo wewe hata jina lake huwezi kulitamka, itakuwa sinia?"

(Huyo ndiye mimi. Ningejizaba kibao, lakini nimechelewa.)

Wakwe wakafika na vumbi lao la Awasse, wachangamfu, wakakaa kwenye mikeka uani. Mama Selemane, mama wa kijana, alikuwa mwanamke mpana, mpole wa uso, lakini mwenye macho ya kukagua. Pembeni yake alikaa mzee Anli, mjomba wa kijana, mtu wa maneno mengi. Mimi nikajitia uhodari, nikachukua birika na beseni nikaanza kuwanawisha wageni mmoja mmoja, na watu wakanong'onezana, "Kumbe yuko vilevile," nikavimba kichwa. Nikafika kwa mzee Anli.

"Ati doutora, msomi wetu, huko mbinguni mnanawaje?"

"Si mbinguni, mjomba, ni angani tu. Na maji ya huko hayamwagiki, yanajiviringa yanakuwa duara, hivi..."

Nikaweka beseni chini ili nipate mikono ya kumwonyesha lile duara. Birika sikuliweka chini. Birika nililiacha palepale hewani, kwa heshima zote, nikaviringa mikono yangu miwili, nalo likashuka moja kwa moja kwenye mapaja ya mzee Anli, maji yakaenea mkekani na chini yake udongo ukawa tope. Mzee aliruka kama kijana. Watu wakacheka, na hapo tena nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Mnajua nilisema nini? "Birika hili mpini wake mbovu." Zura akaingia ndani.

Basi ikafika saa ya sinia. Mwanaidi alikuwa nyuma ya pazia la mlangoni, naona vidole vyake vimelishika pazia. Mama Selemane akasimama mbele yangu akanikabidhi, nikapokea kwa mikono miwili, nikalinyanyua juu. Zuri ajabu, kanga zimekunjwa, chupa ya marashi inametameta katikati. Kabla sijafungua mdomo, wanawake wakapasua vigelegele, na mimi vigelegele vikipigwa siwezi kutulia, sijaweza tangu utotoni, nikapiga na changu, na kigelegele bila makofi kwangu hakijatimia.

Nikapiga makofi.

Sinia lilitua kwa kishindo kilichosikika nadhani mpaka Nhica do Rovuma. Chupa ikavunjika, mafuta yakamwagika, kanga zikaangukia kwenye tope la birika, harufu ya marashi ikajaa uani na hakuna aliyethubutu kuisifu. Vigelegele vikakatika. Mama Selemane alilitazama sinia, akanitazama mimi, na mikono yangu bado imekutana kifuani, yaani nimeangusha kisha nimepiga makofi!

"Momade," akasema, sauti haikupanda hata kidogo, "kama binti hamtoi, si mngetuambia tukiwa kwetu?"

Nyuma ya pazia nikamsikia Mwanaidi akianza kulia. Jamani, nimewahi kukaa juu ya roketi inayowashwa moto chini yangu, sikuogopa hivyo. Nikapiga magoti kwenye tope nikaeleza yote, daktari, mikono, kalamu isiyoanguka.

"Huko vitu havianguki?" akauliza mzee Anli.

"Havianguki, mjomba."

"Hata birika?"

"Hata birika."

"Basi umelisingizia la watu bure."

"Nimelisingizia, mjomba."

Mama Selemane akatikisa kichwa. "Mimi nimeona watu wanaokataa posa kwa maneno, na wanaokataa kwa kujifanya wagonjwa. Anayekataa kwa sayansi ndiyo kwanza namwona leo." Akaanza kujifunga kanga yake vizuri, na wenzake wakatafuta viatu.

Momade akainuka kuwazuia. Machozi yakanijaa, nikavua miwani niyafute, na nikayafuta kweli, kwa mikono yote miwili. Mnaona basi. Miwani niliyotengenezewa kwa ajili ya safari ya angani, niliyoitunza kuliko mboni ya jicho, niliiacha mbele ya uso wangu iningojee. Ikagonga ukingo wa sinia, kioo kimoja huku, kingine kule. Na mimi, nimeambiwa, nikanyoosha mkono kuichukua hapo hapo hewani nilipoiacha, nikapapasa, nikapapasa tena, nimeshangaa kabisa kwamba haipo.

Kilianza kicheko cha mzee Anli. Halafu Mama Selemane, ambaye alijizuia, akajizuia, akashindwa, akakaa chini kwenye mkeka uliolowa, anacheka mpaka ushungi umemvuka. "Huyu hadanganyi," akasema akijifuta macho. "Mtu anaweza kuangusha cha wenzake kwa makusudi, lakini hawezi kuipapasa miwani yake namna hii. Haya, Zura, leta maji tufue hizi kanga."

Kanga zikasuuzwa, zikakunjwa zikiwa mbichi, zikarudishwa kwenye sinia lililobonyea ukingo. Safari hii Mama Selemane aliniketisha kwanza, akaniwekea sinia mapajani, akanikunja vidole vyangu kimoja kimoja kuzunguka ukingo. "Usiachie mpaka niseme." Nikatamka "Tumepokea", vigelegele vikapigwa (mimi nilifunga mdomo), Mwanaidi akachungulia pembeni ya pazia akicheka na machozi yake, chakula kikaja, watu wakala, wakaongea, wakasahau. Mama Selemane naye akasahau kusema. Nilikaa na sinia langu mapajani mpaka wali wa nazi ukaisha, Zura ananilisha matonge kama mgonjwa, na kila tonge ananiuliza taratibu, "Mitambo ulisema inaitwaje, dada?"

Nimeapa, na nyote mashahidi: mtu akiniuliza "nikushikie?", namkabidhi kabla hajamaliza kuuliza, na daktari akiniambia niwaambie watu, nitaanza kuwaambia tangu kwenye ndege, hata nisiowajua.

Mikono yangu ilipona siku nyingi. Mwanaidi sasa ana mtoto wa kiume mnene, na kila nikienda Awasse Mama Selemane hunikalisha mkekani kwanza, ananipa mjukuu wake, kisha anaweka mkono wake chini ya wangu na kuuacha hapo muda wote nikimbeba. Siku moja nitamwambia nimepona. Bado sijaamua ni lini.