Saa ya Kupiga Makofi

Baba yangu alikuwa mkali kwa mambo ya muziki kuliko alivyokuwa mkali kwa pesa au kwa wavulana. Tuliishi Kariobangi South, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na baraza ndogo ya kuanikia nguo. Chini yetu mafundi wa jua kali waligonga mabati siku sita za wiki. Siku ya saba, baada ya kanisa na chakula cha mchana, ilikuwa zamu ya Baba kututesa.

Saa tisa kamili aliwasha redio. Idhaa ya Kiingereza ilikuwa na saa moja ya ule muziki wa Kizungu wa vayolini na piano, usio na maneno. Daktari wa kliniki alikuwa amemwambia presha yake imepanda, atafute namna ya kupumzika. Mwanamume mwingine angeenda kupiga gumzo na wenzake. Baba alivua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, akajifunika uso kwa leso, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuishi. Usioshe vyombo. Usivute maji chooni. Usikohoe. Mtoto wa jirani wa juu akilia, Baba aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Vijana wa chini wakifungulia reggae, alitoka barazani na soksi zake akawafokea, nao wakamjibu, "Buda, si urelax!" Alirudi kochini akitetemeka kwa hasira, apate kuendelea kupumzika.

Wiki nzima alikuwa karani wa reli. Aliandika mabehewa yaliyoingia na yaliyotoka, na kwa miaka mingi aliwafundisha kazi vijana ambao baadaye walipandishwa cheo wakawa wakubwa wake. Hakuna aliyemwogopa huko. Aliogopwa mahali pamoja tu, kwenye kwaya ya kanisa letu katika mtaa wa Baba Dogo, na kwaya hiyo ndiyo iliyokuwa maisha yake. Aliifundisha kwa do-re-mi, bila karatasi. Sauti zote nne za kila wimbo zilikuwa kichwani mwake. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza waimbaji wa teno wanaimba nini katika ubeti wa tatu, angekuimbia. Watu walikuja kutoka makanisa mengine kumjaribu, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne alinisimamisha mbele ya kwaya nzima, akaniambia niimbe alto peke yangu. Nikaimba. "Rudia." Nikarudia. Mara ya nne akawageukia wengine akawauliza, "Mmesikia mlango usiotiwa mafuta?" Wakacheka, maana mwalimu akitania ni adabu kucheka. Kisha akaniambia, "Wewe utapanga viti." Nilipanga viti kwa miaka miwili. Nilivipanga wakija, nikavikusanya wakiondoka, na katikati nilikaa mlangoni nikisikiliza wasichana wenye sauti mbaya kuliko yangu wakiimba nafasi yangu. Kwaya nilikuja kuisamehe. Baba nilimweka kiporo.

Katikati ya miaka ya tisini nikaingia Chuo Kikuu, na wiki ya kwanza nikaenda kujaribu bahati kwenye kwaya ya huko. Mwalimu wake alikuwa mtu mwembamba aliyesomea ng'ambo, mwenye ulimi wa wembe. Alinisikiliza dakika mbili, akaniambia niketi na alto. Basi. Nikashuka ngazi za idara ile nikilia mbele za watu.

Nilipomwambia Baba, alisema chuo siku hizi kinachukua kila mtu. Wiki iliyofuata nikamkuta kwenye ngazi akimwambia jirani, "Binti yangu anaimba Chuo Kikuu. Mimi ndiye niliyemfundisha." Alisema bila aibu yoyote, huku ameshika mkebe wa taka. Maneno hayo yaliniuma kuliko yale ya mlango usiotiwa mafuta.

Mwisho wa muhula kulikuwa na tamasha. Okestra ingetangulia na kipande kirefu chenye sehemu nne, halafu sisi tungeimba. Kila mwimbaji alipewa kadi mbili za wageni. Mwalimu alitukusanya akatuonya kuhusu jamaa zetu. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamepiga makofi kila okestra ilipopumua, akaona haya mbele ya mabalozi. "Waelezeni watu wenu," alisema. "Kipande kina sehemu nne. Kati ya sehemu hakuna makofi, hata kama kimya kitawatisha. Makofi ni mwisho kabisa."

Kadi nikazipeleka nyumbani. Baba alizigeuza mara tatu, akazisimamisha juu ya redio. Jumamosi akapeleka suti kwa dobi. Alhamisi iliyofuata, Mama akiwa jikoni, akaniita barazani, na nikajua kuna jambo kwa sababu alifunga mlango.

"Hiki kipande watakachopiga nakijua," alisema. "Nimekisikia Jumapili nyingi. Lakini kwa redio hawapigi makofi. Kimya, halafu mtangazaji. Huko ukumbini watu hupiga saa gani?"

Hakuwa amewahi kuniuliza chochote asichokijua. Aliuliza akitazama nguo za jirani, masikio yamemsimama. Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja.

"Kila sehemu ikiisha," nikamwambia. "Wakinyamaza tu, unapiga. Anayejua muziki husimama kabisa."

"Husimama?"

"Ndivyo wanavyowatambua wanaojua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akiliweka jambo mahali pake pamoja na mengine yote. Mimi nikaenda kumsaidia Mama kukata sukuma wiki, na ninakiri kwamba nilikuwa nikiimba.

Jumamosi, siku ya tamasha, sisi wa kwaya tuliketi jukwaani nyuma ya okestra, kwa hiyo niliuona ukumbi wote. Walikuwapo Wazungu safu za mbele, wahadhiri na wake zao, na wanafunzi nyuma wamejazana. Baba alikuwa safu ya tano, pembezoni, na Mama amevaa vitenge vya harusi ya shangazi. Aliniona akainua kidole kimoja. Okestra ilipoanza, uso wake ulifunguka. Sijawahi kuuona hivyo nyumbani, pengine kwa sababu ya ile leso. Midomo yake ilikuwa ikienda, do, mi, so, akiwa mbele ya wapigaji hatua moja, akijua kila kona kabla hawajaifika. Kwa dakika chache nilitamani kumwambia asisimame. Kisha nikakumbuka viti.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Mwalimu wetu, aliyekuwa akiiongoza okestra pia, akashusha mikono. Kimya kikaingia, na Baba akasimama wima katikati yake akapiga makofi, makubwa, ya mtu anayeijua kazi. Alikuwa peke yake. Watu walianza kugeuka. Mama mmoja wa Kizungu alimtabasamia kama anavyotabasamiwa mtoto aliyemwaga uji. Kutoka nyuma wanafunzi wakatoa "shhh" ndefu, na mmoja akasema, "Mzae, si uketi!" Mama alikuwa akivuta koti lake.

Baba hakuketi mara moja. Alinitazama mimi. Kati ya watu wote waliomwambia kwa macho yao kwamba amekosea, na mtu mmoja tu aliyekuwa amemwambia afanye vile, alitaka kujua amwamini nani. Nikamtabasamia. Akaketi akiwa ametulia kabisa, akawatazama majirani zake kwa huruma.

Sehemu ya pili ni ile ya polepole. Inaishia kwa vayolini moja inayofifia mpaka hujui kama bado inapigwa au unaikumbuka tu. Alingoja ifike mwisho, akasimama tena. Safari hii alipiga makofi na kusema, "Vizuri sana!" kwa sauti ile ya kusifia soprano. Mwalimu aligeuka. Alimwangalia Baba kutoka viatu hadi kipara, akasema kwa Kiingereza chake safi kwamba tutangoja, mzee amalize.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Walicheka mabalozi, walicheka wahadhiri, wakacheka wenzangu wa alto kulia na kushoto. Mmoja akaninong'oneza, "Huyo mshamba ametoka ushago gani?" Nami nikacheka. Nilicheka nikitazama mbele, meno nje, na Baba akaniona nikicheka.

Sehemu mbili zilizobaki alizisikiliza ameweka mikono chini ya mapaja. Mwisho ulipofika watu wote wakasimama kupiga makofi, yeye akabaki ameketi, mgongo wa suti yake tu ukionekana kati ya viuno vya watu. Tulipoimba sisi, na tuliimba vizuri, alikuwa akitazama viatu vyake. Kwa hiyo hakunisikia.

Nje, Mama alianza hata kabla hatujafika getini. Ameaibishwa, wameaibishwa wote, hatakanyaga tena mahali kama pale. Baba alimwacha amalize. Kisha akasimama chini ya jakaranda za chuo, akaniuliza kwa upole ambao sikuuzoea, "Uliniambia nipige kila sehemu ikiisha. Ama uliniambia nisipige?"

La barazani nilikuwa nimelipanga. Hili la pili sikulipanga, lilitoka lenyewe.

"Nilikuambia usipige, Baba. Mpaka mwisho kabisa."

Akatafuta kichwani mwake. Nilimwona akitafuta, akirudi Alhamisi, akirudi barazani, akizisikia sauti zetu wawili. Alikuwa na jibu sahihi mkononi. Lakini mtoto wake alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, na ukumbi mzima ulikuwa umeshatoa ushahidi.

"Basi nilisahau," alisema.

"Ulisahau."

Nilijisikia vizuri, nisidanganye. Nililala usingizi mnono kuliko siku nyingine yoyote ya muhula ule. Baba alisema hakuna neno, tukaenda zetu, na nilidhani limeishia hapo.

Wiki iliyofuata alianza kumwuliza Mama tarehe. Alikuwa akiijua, lakini aliuliza apate kulinganisha. Nilimsikia bafuni akijisomea namba za mabehewa ya siku iliyopita. Aliandika kwenye kijikaratasi kila kitu alichotumwa dukani, hata kiberiti, yeye aliyekuwa akitudhihaki sisi tukiandika. Jumapili saa tisa ikaja, redio haikuwashwa. Mama akaosha vyombo kwa kelele zote alizotaka, na baada ya muda akaacha, kwa sababu kelele zenyewe hazikuwa na utamu.

Kwenye kwaya mambo yakawa mabaya zaidi. Walinieleza wao wenyewe. Aliwapa watu wa teno sauti yao, sahihi kabisa, halafu akasita, akauliza kama ndiyo. Wakamwambia ndiyo, Mwalimu. Akawaambia warudie, akawasimamisha, akasema labda ni nyingine. Alikuwa akiwafukuza kutoka kwenye sauti ya kweli na kuwapeleka kwenye ya uongo, kisha anashika kichwa. Mwezi haukuisha kabla hajamwandikia mchungaji barua ya kujiuzulu.

Ndipo wanakwaya wawili wakaja nyumbani. Mmoja alikuwa mama wa Ukambani aliyeongoza soprano, karani kama Baba. Mwingine alikuwa mchonga vinyago aliyeimba besi, mikono yake mikubwa imejaa makovu ya patasi. Niliwapa chai. Baba alikaa kwenye kochi alilokuwa akilalia Jumapili, wima, kama mgeni.

"Mwalimu," alisema mchonga vinyago, "kila mtu husahau. Mimi juzi nimesahau miwani kichwani mwangu."

"Si miwani," alisema Baba. "Niliambiwa jambo Alhamisi, Jumamosi nikafanya kinyume chake, na bado nasikia sikioni nikiambiwa lile nililofanya. Huo ni ugonjwa. Baba yangu alianza hivyohivyo. Alimaliza akiwa hajui sisi ni nani."

Hilo la babu sikuwa nimewahi kuambiwa. Nilisimama na birika, chai ikinichoma kidole, na sikuitua.

Yule mama wa soprano akanigeukia. "Mwanangu, wewe ni msomi, na wewe ndiwe unayekaa naye. Sema ukweli wako. Baba yako ana shida yoyote? Ukisema hana, tunaondoka na hii barua tunaichana sasa hivi."

Alikuwa ameishika barua kwa mikono yote miwili, tayari. Baba pia alinitazama, na nikaona kwamba alikuwa na tumaini. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Ila baada ya kukisema, yeye na watu hawa wawili wangenijua, na Mama alikuwa mlangoni akisikiliza. Nikapima uso wangu na kichwa chake, nikachagua uso wangu.

"Afadhali apumzike," nikasema.

Mama wa soprano akaikunja barua, akairudisha mkobani. Walimaliza chai kwa heshima, wakaomba, wakaondoka. Baba akabaki amekaa, mikono magotini, akiangalia mahali walipokuwa wameketi.

"Asante, mama," akaniambia. "Wengine wangenidanganya."