Picha Saba Nilizozifuta Sepuka

Picha ikifutwa inakwenda wapi? Bibi aliniuliza swali hilo uani kwake, kijijini Sepuka, macho yake yakiwa bado kwenye kioo cha kamera ambacho muda mfupi kabla kilikuwa na sura yake. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimezoea kuwabana wahadhiri kwa maswali, lakini hilo lilinishinda. Nikasema, "Haipo tena, bibi." Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa kwamba njia zipo.

Ilikuwa likizo ndefu. Miaka hiyo ya biashara huria vitu vilikuwa vinaingia nchini kwa makontena, na mimi nilikuwa nimejipatia Kariakoo kamera ya dijitali iliyokwishatumiwa na mtu mwingine, yenye maandishi ya lugha nisiyoijua. Niliiendesha kwa kufuata vialama. Kifuta picha kilikuwa na mchoro wa kapu la taka, na hapo hapakuhitaji mkalimani.

Nilitaka kumpiga bibi picha akiwa kama alivyo. Nilizichoka picha za ukutani kwetu, watu wote wamekakamaa kana kwamba wanasomewa hukumu. Kwa hiyo asubuhi ile sikumwambia ajiandae. Alikuwa amekaa mkekani, ameinyoosha miguu, anapepeta uwele. Mara upepo ukageuka. Makapi yote yakanijia usoni, yakaingia mpaka mdomoni, nami nikaendelea kubonyeza. Bibi akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Mke mwenzangu," akasema huku akijifuta machozi, "chuoni kwenu ndiko wanakofundisha kula makapi?"

Nikasogea nimwonyeshe. Kicheko kikakatika.

"Futa."

"Kwa nini, bibi? Umetoka vizuri."

"Vizuri nini? Nina kanga moja, nimekaa kama mwizi aliyekamatwa. Baba yako mkubwa akiiona hii atasema nini? Futa zote."

Nilibishana naye, kama nilivyobishana na kila mtu siku hizo. Hakutetereka. Zilikuwa saba, nikazifuta moja moja mbele yake, maana hakukubali niseme tu kwamba nimefuta. Ndipo akaniuliza zimekwenda wapi. Kisha akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na gauni la Jumapili na kitenge kirefu kilichofika chini. Akashika mgongo wa kiti, akaacha kutabasamu.

"Hii sasa ndiyo picha," akasema.

Wiki ya tatu tangu siku hiyo alifariki. Tuliambiwa amelala na hakuamka. Watu wakasema ni moyo, wengine wakasema ni umri, na mimi niliyezoea kuuliza sikuuliza.

Kwetu mazishi hayakamiliki bila picha za makundi. Kaburi likishafukiwa, msemaji wa msiba anaita: watoto wa marehemu, wakwe, majirani, kwaya. Kila kundi linaweka shada lake, linasimama nyuma ya udongo mbichi, linatazama kamera. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa najiuliza nani huzitazama picha hizo baadaye. Siku ile baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, alinijia kabla ya jeneza kutoka ndani.

"Mwanangu, mpiga picha wa mjini hajafika. Wewe kamera unayo."

Nilishukuru. Niliona afadhali jicho liwe na kazi. Nikawa napanga watu, nawaambia wafupi wasogee mbele, shada lipande kidogo, mama mkwe asifunikwe. Msemaji akaita, "Wajukuu!" Wakaja, wakabanana, wadogo wakachuchumaa mbele. Nikawapiga tatu ili wasije wakatoka wamefumba macho. Hakuna aliyesema kuna mmoja amekosekana. Mwenyewe nililigundua hilo siku mbili baadaye, nilipokuwa nazipitia nyumbani kwetu Singida mjini.

Ile picha ya kushika kiti ikakuzwa, ikawekwa fremu, ikatundikwa sebuleni. Kila aliyekuja kutoa pole alisimama mbele yake akasema, "Ndiye kabisa." Mimi nilimwona mwanamke anayefanana na bibi akisubiri jambo liishe. Nikamwambia dada yangu.

"Wewe nawe!" akasema. "Mpaka picha ya marehemu unaipinga?"

Nilichokitaka ni ule uso ulioangusha ungo. Kilichonitisha ni kwamba kila nilipoukumbuka ulikuwa umepungua kidogo, na nikaanza kushuku kwamba kicheko nakitunga mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Asubuhi ile tulikuwa wawili tu.

Siku moja nilikuwa stesheneri natoa kopi, nikamsikia fundi wa kompyuta akimwambia mteja kwamba picha zilizofutwa zinarudishwa. Kesho yake nilikuwa wa kwanza mlangoni kwake, kadi ya kamera nimeifunga kwenye leso.

Fundi aliipokea kwa ncha za vidole. "Dada, baada ya kufuta uliitumia tena?"

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Kubwa sana. Kamera ikifuta, haichomi kitu. Inaandika tu kwamba chumba kiko wazi, kama gesti. Mgeni bado amelala ndani, ila daftarini hayumo. Akija mwingine anapewa chumba hichohicho, na yule wa kwanza ndiyo basi."

"Niliitumia."

"Picha ngapi?"

"Msiba mzima."

Aliacha kipanya. Akaniangalia, akarudi kwenye kompyuta. "Haya, tujaribu. Lakini chuo mnasoma nini huko, dada yangu, kama hata hili hawawaambii?"

Nilikaa kwenye stuli asubuhi nzima nikitazama mstari wa kijani ukijaa kidogokidogo. Umeme ulikatika mara moja, tukaanza upya. Nilikuwa nimeshaelewa nilichofanya, ila nilikuwa sijakisema. Wakati nawapanga watu kaburini, kila kundi nililolipiga lilikuwa linaingia mahali bibi alipokuwa bado yupo, anacheka. Watoto, wakwe, kwaya. Wajukuu mara tatu.

Zilirudi mbili. Ya kwanza ilikuwa nzima, lakini niliibonyeza makapi yalipokuwa yameniingia machoni: ilishika ukingo wa ungo, mkono mmoja na kuku anayekimbia. Ya pili ilifunguka kuanzia juu. Ukuta wa jiko ukaja, kitambaa chake cha kichwa kikaja, paji la uso, nyusi zilizopanda. Kuanzia hapo kushuka ikawa kijivu kitupu.

"Hapo ndipo ilipoishia," fundi akasema taratibu. "Ulitaka uso?"

"Nilitaka mdomo."

Hakucheka. Alinichomea sidii, akaandika juu yake neno bibi kwa kalamu nyeusi, akakataa nimshukuru.

Nilirudi chuoni na sidii hiyo. Wenzangu bwenini waliiona ile ya nyusi kwenye kompyuta, wakauliza ni nani. Nikasema kadi imeharibika, nikafunga.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi, nilipita Sepuka kumsalimia jirani wa bibi, mwanamke aliyekuwa akichota naye maji tangu wote wakiwa maharusi. Nilimwamkia, tukakaa, tukaongea habari za mvua. Nikamhadithia zile picha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba miguu ya bibi ilikuwa imevimba kwa miezi, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimkanda kila jioni kwa maji ya chumvi, na kwamba bibi alimwapisha asimwambie mtu, maana baba mkubwa angejua, hata kwa kuiona miguu hiyo pichani, angempeleka hospitali mjini, na bibi alitaka kufia nyumbani kwake.