Mkono wa Mama Kichwani

Nilipokuwa mdogo, kila nilipojitwika mikono kichwani mama alinipiga kikofi. "Shusha! Unaniombea kifo?" Kwetu Newala hata mtoto alijua kwamba mkono kichwani ni wa aliyefiwa.

Kisha ukaja mwaka ambao mama mwenyewe alikaa hivyo kwa karibu mwezi mzima. Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Mimi nilikuwa mwali wa juzi, mimba ya miezi saba tumboni, nikimuuguza mama katika hospitali ya misheni upande wa Masasi. Uvimbe ulikuwa umemwota ndani ya shavu, pale alipozoea kubana tumbaku. Daktari, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, aliukata wote, na palipokuwa na uvimbe pakabaki tundu. Uji aliokunywa mama ulitokea shavuni. Mwanamke aliyependa kula na watu akaanza kula peke yake, ameuelekea ukuta, kanga usoni.

Daktari alitaka kuliziba tundu lile. Angeinua ngozi ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, lakini asiikate yote. Upande mmoja ungebaki umeshikamana na mkono, upande wa pili angeushona shavuni. Halafu mkono ungefungwa kichwani kwa plasta wiki tatu, ngozi ikinywa damu ya mkono hadi izoee damu ya shavu. Ndipo angeitenganisha.

"Wiki tatu mkono kichwani?" mama aliuliza. "Nani amekufa?"

Sote tuliokuwa wodini tulicheka. Daktari alitutazama kwa adabu, asielewe.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa bibi wa Kiyao kutoka Chiwata, mguu umevunjika, ulimi mzima. Yeye na mama walitaniana tangu siku ya kwanza. "Mmakonde," bibi alimwambia mama aliporudishwa kutoka chumba cha upasuaji, "umeanza kujililia mwenyewe? Kufa kwanza, sisi tutakusaidia." Mama alicheka kwa pua, maana alikatazwa kufungua mdomo.

Nazikumbuka siku zile kwa mapenzi ambayo sijui niyaeleze vipi. Harufu ya spiriti ikichanganyika na moshi wa kuni za mkorosho. Jiko la wauguzaji nyuma ya wodi, wanawake wa Lupaso na Nanganga wakisonga ugali, wakiazimana chumvi na habari za waume.

Siku ya kumi na moja mume wangu alishuka na lori la korosho kutoka Newala, kuku mkononi. Kwetu mwanamume haonani ana kwa ana na mama wa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Kwa hiyo alisimama mbali, akachungulia kupitia dirisha. Mimi nilikuwa jikoni. Alichokiona ni mkeka wangu mtupu, na mama ameketi kitandani, kanga usoni, mkono kichwani. Kumwuliza hakuweza. Bibi wa Chiwata alimwona akimwacha kuku, akigeuka, akilikimbilia lori.

"Kuna mwanamume ameleta kuku kisha akalia," bibi aliniambia. "Labda yeye na huyo kuku walipendana sana."

Nilicheka nikadhani ni mmoja wa mizaha yake. Kuku tulimpika tukamla.

Baada ya siku tatu, adhuhuri, vilio vilijaa uani. Walikuwa mama zangu wadogo na majirani kutoka Newala, vikapu vya unga wa matanga vichwani. Mama aliposikia sauti za wadogo zake hakungoja kujua wanamlilia nani. Aliruka kutoka kitandani. Plasta ikapasuka karibu na sikio, damu ikamtiririka shingoni.

Nilitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Mama mdogo aliyetangulia aliponiona alikatisha kilio katikati. Alinishika tumbo kwa mikono yote miwili, akasikiliza kwa viganja.

"Yupo," akawaambia wenzake. "Na wa ndani anapiga teke."

Daktari alimshona mama upya. "Ukingo umeachia," aliniambia. "Tungoje siku mbili. Ngozi ikigeuka nyeusi kama mkaa imekufa, na sitakuwa na budi kuitoa."

Asubuhi na jioni alidunga ukingo ule kwa sindano nyembamba, aone kama damu inafika. Siku ya kwanza hakikutoka kitu. Mama alifumba macho, nami nikauona mkono wake uliokuwa huru ukikunja shuka. Siku ya pili, jioni, lilitoka tone moja, jekundu kabisa. Daktari aliliangalia muda mrefu, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyetua mzigo.

"Inaishi," alisema.

Mume wangu alikuwa nje, chini ya dirisha, siku zote mbili. Aliporudi na waombolezaji na kunikuta hai, aibu ilimzuia hata kula. Mama alinigeukia, akasema kati ya meno, kwa sauti ya kutosha kupita dirishani, "Mwambie mumeo heshima ni nzuri. Lakini siku nyingine akiniona hivi, angalau akohoe."

Nje mtu akakohoa. Bibi wa Chiwata alicheka mpaka akaushika mguu wake kwa maumivu.

Siku zilipotimia daktari aliikata ngozi kutoka mkononi. Mkono wenyewe ukakataa kushuka. Tuliukanda kwa maji ya moto, ukawa unateremka kidogo kila siku. Mama zangu wadogo walikuwa bado wapo. Waliapa kwamba unga wa matanga haurudishwi nyumbani, kwa hiyo tuliusonga ugali. Mama akashuka mkekani, akaketi katikati yetu, uso wazi. Alimega, akatafuna polepole, na sote tukajifanya tunatazama mchuzi. Shavu halikuvuja.

"Mnaogopa nini?" alituuliza, kisha akalitazama tumbo langu. "Kuleni. Na marehemu mpeni kipande kikubwa, ana watu wawili wa kulisha."