Pumzi ya Shangazi Siku ya Posa

Diploma yangu iko ukutani, ndani ya kioo, kwenye kliniki yangu karibu na maegesho ya malori mjini Busia. Karo niliilipa mwenyewe kwa kuosha malori hayo hayo. Kisha nikaenda Uarabuni, nikafanya kazi katika wodi ya vifua hadi madaktari wa huko wakawa wananiita mgonjwa akiwashinda. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baba mdogo alikuwa ameyasahau.

Ilikuwa wiki ambayo watu wa Malaba walitarajiwa kuja kumposa dada yangu. Katika ukoo wetu, hapa Busibwabo, binti hatoki mpaka shangazi yake amsemee mbele ya wageni. Shangazi yetu alikausha samaki kwa moshi tangu usichana wake. Sigara hajawahi kuigusa, lakini mapafu yake ni ya mvutaji. Wiki hiyo alikuwa hamalizi sentensi bila kutua. Baba mdogo akaamua aletwe binamu yao wa Butula aseme badala yake. Dada yangu alilia, maana shangazi ndiye aliyemlea.

"Mashine yako imeshindwa," baba mdogo aliniambia nilipofika. Ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke niliituma mimi kutoka Uarabuni.

"Haijashindwa, baba. Nionyeshe mnavyoitumia."

Nilimkuta shangazi amefunikwa blanketi zito kichwani, mashine ikinguruma ndani. Walikuwa wanamfukiza, kama tunavyomfukiza mtu mwenye homa. Ndani ya kikombe cha dawa walikuwa wamemimina vichupa viwili vya salbutamol, eti kimoja ni kipimo cha watoto, na juu yake maji ya majani ya mkaratusi. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, vidole vikitetemeka.

"Dawa yako inanikimbiza nikiwa nimeketi," alisema, akatua. "Sitaki tena. Na hayo marashi ya Uarabuni uliyojipaka kaa nayo mbali."

Nilimsikiliza kifua, nikampima hewa kidoleni. Hakuwa wa kukimbizwa hospitali. Mwingine angemwachia salbutamol peke yake na kuondoka. Mimi nilijua kwamba dawa hiyo hufungua kifua haraka lakini huusukuma moyo, hivyo nikaipunguza hadi kichupa kimoja. Nikaichanganya na ipratropium, ambayo huchelewa kidogo lakini hudumu, na hufaa mapafu yaliyochoshwa na moshi. Majani niliyamwaga. Ilibaki hatari moja: shangazi ana presha ya macho, na ipratropium ikiingia machoni inaweza kuyaharibu. Nikatupa barakoa ya mashine, ambayo huvujisha mvuke machoni, nikampa mrija wa kubana kwa midomo.

"Na blanketi?" baba mdogo aliuliza.

"Blanketi lirudi kitandani."

"Ulikuwa unalia ukiona sindano," shangazi aliniambia, mrija ukiwa mdomoni. "Leo unafukuza blanketi langu." Alicheka, na kile kicheko hakikukatwa na kikohozi. Dada yangu, aliyekuwa mlangoni, akaja kulichukua blanketi.

Niliendelea kumpa dawa hivyo hivyo, kwa saa zake, hadi wageni walipofika. Binamu wa Butula alikuja pia, amevaa tayari kwa kusema. Msemaji wa wageni akasimama. "Tumeambiwa shangazi anaumwa. Tusogee karibu tumsikie?"

"Kaa hapo hapo, mzee," shangazi alisema. "Utanisikia."

Akasema. Alieleza alivyomlea binti huyu, akasifu kazi yake, akamtania bwana harusi kwa viatu vyake vyenye ncha, yote kwa pumzi yake mwenyewe. Halafu akauliza, "Jiko mtakalompa lina dirisha?"

Bwana harusi akatikisa kichwa. Halikuwa nalo.

"Basi binti yangu atakuja likishakuwa na dirisha, na bomba la kutolea moshi."

Msemaji wao alikubali mbele yetu sote. Baba mdogo akanyanyuka na kunionyesha kwa mkono wazi. "Huyu ndiye daktari wetu," aliwaambia wageni. "Tulimsomesha." Nikamwacha aseme. Binamu wa Butula alikuwa tayari anapakua wali.